Jini wa Kushushia Bei

"Wifi, ni wewe uliyekohoa?"

Mama Punguza alikuwa na kikombe cha chai mdomoni, kwa hiyo hakuwa yeye. Akakiteremsha taratibu na kumtazama mke wa mdogo wake kwa jicho lile analowatazamia wanunuzi wenye maswali mengi.

"Nikohoe huku nakunywa, nipaliwe? Labda ni mumeo."

"Mume wangu yuko kazini tangu asubuhi." Wifi mtu alikuwa na pini za kushonea kati ya midomo, akazitoa moja moja ili aseme vizuri. "Kikohozi kimetoka chumba cha uani."

Ilikuwa mchana kweupe, jua limesimama utosini. Nyumba ilikuwa bado inanuka rangi, maana walihamia juzijuzi tu, na makochi ya sebuleni yalikuwa hayajavuliwa nailoni. Chumba cha uani, kile kilichojitenga ng'ambo ya ua mdogo wa saruji, wifi alikigeuza karakana: cherehani, meza ya kukatia na majora ya vitambaa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, kuwashonea watu mapazia.

"Ni paka huyo," alisema Mama Punguza.

"Paka gani anakohoa kizee?"

"Basi jirani. Kuta za siku hizi ni karatasi tupu. Na wewe nawe, tangu uolewe kazi yako ni kusikia mambo."

Alicheka, lakini alicheka peke yake. Mara akakumbuka ana mtu wa kuonana naye, akabeba mkoba wake akaondoka, chai imebaki nusu na alichojia hajakisema. Ungemwona anavyokwenda barabarani, ungesema mama huyu ameiba kitu kwa mdogo wake na anaogopa kuitwa. Usingekuwa mbali na ukweli.

Hapa lazima tumseme kidogo. Asiposemwa, habari hii haieleweki, na yeye mwenyewe amewasema wengi.

Alikuwa dalali wa nyumba, ila hakusimama na muuzaji kama madalali wengine. Yeye alisimama na mnunuzi. Ukimjia na akiba yako, alikuambia uanze na dau gani, unyamaze wakati gani, na unyanyuke lini kama mtu aliyekata tamaa anayetaka kwenda zake. "Dau la kwanza lazima likutie haya," aliwafundisha wateja wake. "Kama hukuona haya kulitaja, ujue umeshapunjwa." Tena: "Usiisifu nyumba ukiwa ndani ya nyumba. Gonga ukuta kila chumba unachoingia. Hujui unasikiliza nini? Haidhuru. Mwenye nyumba atadhani unajua." Naye alitangulia mbele akigonga, kichwa kakiinamisha, akiuliza mbona dari hili limetoa tumbo, mbona mlango huu unalia, hadi mwenye nyumba akaanza kuona gofu pale alipolala kwa amani usiku uliopita. Hakuna bei aliyoiacha kama alivyoikuta. Ndiyo maana wakamwita Mama Punguza, na jina lenyewe lilimpendeza.

Hizo zilikuwa hila za kawaida, na kila mnunuzi aliziona na kuzicheka. Ile moja hawakuiona. Nyumba nzuri ikishagombewa na watu wengi, bei hupanda, na hapo dalali mwenzake angemwambia mteja aongeze dau. Mama Punguza hakuongeza. Aliwaendea wale wengine, mmoja mmoja, akawanong'oneza kitu kuhusu ile nyumba kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma, nao wakajitoa wenyewe.

Kwa mdogo wake alifanya hivyo kwa moyo wote. Mdogo wake huyo, fundi wa friji, yeye ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa, akambeba mgongoni hata wenzake wakamdhania ni mwanawe. Mama Punguza hakujaliwa mtoto, na mume aliyekuwa naye aliaga anakwenda dukani, hajarudi hadi leo. Duniani alikuwa na yule fundi tu. Basi fundi alipomwambia amechoka kuhamahama na godoro kichwani, na kwamba ameipenda nyumba ya mzee mmoja mstaafu wa posta, dada mtu akaapa nyumba hiyo itapatikana, hata kama wanaoitaka wamejaa mlangoni.

Walikuwapo. Na hapo ndipo Mama Punguza akatengeneza jini.

Hakumtoa popote. Alimtunga jikoni kwake akimenya vitunguu, na akamgawa vipande vipande kulingana na mnunuzi. Walimu wawili, mke na mume, aliwaambia kwamba jua likiwa kali, chumba cha uani husikika mtu anakohoa na hamna mtu. Wakatazamana, wakaaga. Mjane mmoja mwenye pua ya kunusa kila kitu akaambiwa nyumba hiyo ikiamua hunuka maziwa yaliyoungua, nawe huna hata sufuria motoni. Naye akaaga. Akabaki mwenye duka la vigae, mtu wa fedha na kiburi, ambaye alisikia vyote hivyo akacheka hadi akajifuta macho.

"Mama, mimi nimekulia karibu na makaburi. Kikohozi kitanifanya nini?"

Alimwambia wakiwa ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa. Mama Punguza akamwinamia, akashusha sauti hadi ikawa pumzi tu.

"Kikohozi si neno, mzee wangu. Harufu si neno. Lakini akishakuzoea, anakuvaa. Unaanza kusema usiyoyajua, kwa sauti isiyo yako, na huli tena hadi unakwisha."

Mwenye duka la vigae siku hiyohiyo akaenda kutazama nyumba nyingine upande wa pili wa mji. Hakuna mwingine aliyeambiwa maneno hayo. Mzee wa posta alikaa barazani akingojea wanunuzi, wasije, na bei ikawa inateremka yenyewe. Fundi alipoweka dau lake la kutia haya, mzee alimgeukia dalali.

"Binti yangu, mimi nimeishi humu tangu marehemu mke wangu yu hai. Hilo jini wanalolisema liko wapi?"

"Mimi sijui, baba. Watu ndio wanaosema."

"Watu gani?"

Mama Punguza akatazama juu, akasema dari limetoa tumbo. Mzee akatia sahihi. Vyombo vyake viliondoka kwa mkokoteni, naye akatembea nyuma yake bila kuaga mtu.

Sasa unauona mkorogo wenyewe. Katika mji ule mzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwa hakika kwamba nyumba ile haina jini, naye ni yule aliyemtunga. Wifi aliposikia kikohozi, Mama Punguza hakuwaza jini hata kidogo. Aliwaza kwamba maneno yamevuja, wifi ameyasikia, na sasa anamchezea shere. Wawili hao hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Wifi alisema Mama Punguza anaingia kwao bila hodi, na Mama Punguza alisema nyumba ya mtoto wake haihitaji hodi, na wote wawili walisema kweli.

Siku chache zikapita, fundi akapiga simu.

"Dada, nyumba inanuka."

"Inanuka nini?"

"Maziwa. Maziwa yaliyoungua, dada, hadi kwenye mito ya kulalia."

"Mwambie mkeo akiweka kitu motoni asiende kupiga soga."

"Dada," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno kwa mtu aliyeko kwake mwenyewe. "Unajua tumbo langu. Sisi hatununui maziwa."

Alikwenda, tena alikwenda na hasira zake zote, kumfumania mtu. Hakupiga hodi. Alimkuta wifi amesimama katikati ya jiko, mikono imekumbatia mabega, macho yamemtoka. Harufu ilikuwapo, nzito, tamu kwanza halafu chungu, ya sufuria iliyosahauliwa. Mama Punguza akaanza kufunua. Alifunua vyungu, akaingiza vidole katika sufuria, akapapasa jiko. Vyote vilikuwa vikavu, na baridi.

"Umeificha wapi?"

"Nimeficha nini, wifi?"

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?" Wifi akasogea nyuma. "Wa hapo jirani ndiye aliyeniambia. Kwamba kabla hatujaja watu walisema nyumba ina mwenyewe. Nilimbishia. Nikamwambia uvumi wa wenye wivu. Lakini lisemwalo lipo, wifi, na kama halipo laja."

"Koma! Wewe nyumba hii hukuipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu niliitafuta mimi. Unataka mdogo wangu aiuze kwa hasara, mkapange tena vyumba vya kuchangia choo, mradi tu isisemwe kwamba—"

Hapo kikakohoa.

Kilikohoa chumba cha uani, kikohozi cha majimaji, cha kifua kilichojaa, kikatulia kama mtu anayefuta mdomo, kikakohoa tena. Mama Punguza alivuka ua kwa hatua kubwakubwa, kwa sababu alikuwa bado ana hasira na hasira ni miguu, akausukuma mlango, akaona cherehani imefunikwa, meza ina mkasi na tepu, majora yamesimama ukutani kwa mpangilio, na hakuna mtu, hakuna paka, hakuna pa kujificha hata panya, ila kioo cha dirisha, ambacho jua lilikuwa likikipiga hadi hakigusiki, kilikuwa na ukungu wa pumzi kwa ndani, mduara mmoja, pale ambapo mtu mwenye kimo chake angeweka mdomo, na alipokuwa akiutazama ukungu ule ukipungua taratibu kutoka pembeni, kikohozi kikasikika tena, na safari hii kilitoka jikoni, alikotoka yeye, alikomwacha wifi peke yake.

Alirudi, akamkuta wifi amechutama chini, mikono masikioni, akilia bila sauti.

Mama Punguza hakumshika bega. Alisimama pale akifikiri jambo ambalo wifi hakuwa na njia ya kulifikiri: kwamba kikohozi kimekuja, na harufu imekuja, kwa utaratibu uleule aliowagawia watu, na kwamba anajua kinachofuata.

Jioni ile alimngojea mdogo wake getini. Fundi alirudi na mkoba wa vyombo begani, mikono ina mafuta.

"Hameni kidogo," alimwambia. "Njooni kwangu."

"Tuhame kwa nini?"

"Mkeo anaogopa."

"Anaogopa, ndiyo, na mimi naogopa. Lakini kila nilicho nacho nimekitia humu, dada. Kuna kitu unakijua?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilimjia hadi kwenye meno. Lakini alimwona mdogo wake usoni, akaona atakavyobadilika akishasikia, akameza. Aliogopa kumpoteza fundi kuliko alivyoogopa jini, na kuhusu wifi, Mungu amsamehe, hakuwaza sana.

"Nitajua nini mimi?" akasema. "Chomeni ubani, litapita."

Halikupita. Wifi aliacha kula. Mwanzoni alisema chakula kina ladha ya moshi, baadaye hakusema chochote. Alihamia chumba cha uani, akakaa kwenye kiti cha cherehani na mgongo wake mlangoni, na mume akimgusa, ngozi ilikuwa moto kama jiko. Mama Punguza aliletewa habari hizo kwa simu, na kila mara alijibu kwamba ana wateja. Hadi ilipokuja simu ambayo fundi hakusema dada wala salamu.

"Njoo," alinong'ona. "Njoo sasa hivi. Anasema kwa sauti yako."

Alipofika jua lilikuwa linazama, na taa ya chumba cha uani haikuwa imewashwa. Mlangoni alisimama mganga aliyeitwa na fundi, mtu mwembamba wa miwani, shati limechomekwa, uso kaukunja. Hakuwa na vibuyu wala manyoya. Alikuwa na kitezo cha ubani kilichozimika na hasira ya mtu aliyepotezewa muda. Ndani, wifi aliketi, amekwisha, mifupa ya mabega imechongoka ndani ya gauni, midomo imepasuka. Na kutoka katika midomo hiyo ilikuwa ikitoka sauti ya Mama Punguza, ile ya chini, ya huruma, ya ndani ya gari lenye vioo vilivyopandishwa.

"Kikohozi si neno, mzee wangu," ilisema. "Harufu si neno. Lakini akishakuzoea, anakuvaa."

Mama Punguza akashika fremu ya mlango.

"Mmeniita kutoa jini aliyevamia," alisema mganga. "Huyu hakuvamia. Nimemfukizia, ananicheka. Ananiambia yeye ni mtu wa haki zake, nyumba alionyeshwa na dalali. Nani dalali hapa?"

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya mkewe. Alimgeukia dada yake polepole, na macho yake yalikuwa bado yanamwomba akane.

"Dada?"

"Nilitaka uipate nyumba," Mama Punguza alisema. "Walikuwa wengi. Nikasema tu. Maneno tu, mdogo wangu, maneno matupu."

"Yalikuwa matupu," alisema mganga. "Kuna viumbe vinatangatanga nje huko, havina pa kukaa, na wewe ukatangaza nyumba yenye mwenyewe, ukataja hadi chumba. Mmoja amesikia, amekuja, amefuata masharti yote uliyoyataja. Aliyekaribishwa hafukuzwi kwa moshi. Ataondoka kwa kupatana, na mpatanishi ni wewe. Fanya upesi. Huyu binti hatafika asubuhi."

Mama Punguza akakalishwa kwenye kigoda, uso kwa uso na wifi. Harufu ya maziwa ilimjaa puani. Macho ya wifi yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakimwona.

"Toa dau," sauti ikasema.

Mtu na kazi yake. Mwanamke anakufa mbele yake, mdogo wake amepiga magoti pembeni, na Mama Punguza, kwa mazoea ya miaka, akaanza chini.

"Kuna gofu nje ya mji," akasema. "Halina paa, lakini uwanja ni mkubwa. Nitakupeleka."

Mkono wa wifi ukainuka. Vidole vikajikunja, na vifundo vikaanza kugonga: kifuani mwake mwenyewe kwanza, ubavu baada ya ubavu, kichwa kimeinamishwa kama anayesikiliza ukuta, halafu shingoni, halafu kwenye paji la uso.

"Hapa pana ufa," sauti ikasema kwa huzuni ya kibiashara, na damu nyembamba ikaanza kushuka kutoka puani mwa wifi.

"Dada, mpe anachotaka!" Fundi alipiga kelele.

"Subiri! Ngoja!" Mama Punguza akajaribu njia nyingine aliyoijua. Akaigeukia nyumba. Alisema haraka, mate yanamruka, kwamba nyumba hii haifai kukaliwa na kiumbe yeyote, msingi umeketi upande mmoja, mvua zikija maji yatapanda kwa sakafu ya chumba cha kulala, mabomba yameoza ndani ya ukuta, nguzo ya nyuma imeliwa na mchwa na kupakwa rangi juu, yeye aliyaona yote siku ya kwanza na aliyanyamazia kwa sababu wakati ule alikuwa na haraka ya kumaliza biashara kabla mwenye duka la vigae hajabadili mawazo. Akasema hadi pumzi zikamwishia.

"Uliyaona," fundi alisema.

"Ningekuambia."

"Lini?"

Wifi akacheka kwa sauti ya wifi yake. "Unaniponda nyumba mimi? Bei hiyo haikushushwa na mchwa. Niliishusha mimi. Wewe ulisema tu." Vifundo vikarudi kwenye paji la uso, ko, ko, na damu ikaongezeka. "Sitaki gofu. Nataka nilikotoka."

"Sijui ulikotoka."

Kidole cha wifi kikanyooka, cha moto, kikamgusa Mama Punguza kwenye mdomo wa chini. Kikabaki hapo.

Alielewa. Akanyanyuka. Baadaye hakuna aliyejua kama alinyanyuka kwa hila, kama alivyowafundisha wanunuzi wanyanyuke ili bei ishuke, au alinyanyuka kweli kwenda zake. Nadhani yeye mwenyewe hakujua. Alifika mlangoni, na mganga akampisha. Fundi hakumzuia pia. Alibaki pale chini, kichwa cha mkewe kifuani mwake, akamsemesha dada yake bila kumtazama.

"Watu walipokuwa wakidhani wewe ni mama yangu," alisema, "nilikuwa siwakatalii."

Mama Punguza akasimama. Akarudi, akaketi kwenye kigoda. Hakutaja gofu wala hakuuliza kama kuna nafuu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alilipa bei iliyotajwa, kama ilivyotajwa.

"Nimekubali," alisema, akafumba macho na kufungua mdomo, na kile kilichokuwa ndani ya wifi kikavuka, kikapita juu ya ulimi wake kizito na cha moto na chenye ladha ya kitu kilichoungulia chini ya sufuria, kikashuka na kupanda na kujigeuza kama mtu anayejaribu kitanda kipya, kikasukuma mashavu kwa ndani, kikagonga meno moja baada ya moja kutoka nyuma kuja mbele akisikia mwenyewe mlio hadi utosini, ko, ko, ko, bila haraka, hadi kikaridhika, kikatulia.

Wifi akaomba maji.

Alikuwa na sauti yake mwenyewe, imekauka lakini yake. Fundi alimnywesha, akilia na kucheka, akimwita majina ambayo watu hawaitani mbele za wageni. Mama Punguza aliwatazama. Alitaka kusema pole. Hakuthubutu kufungua mdomo.

"Toka kwangu," fundi akamwambia.

Mganga alimsindikiza hadi getini, na hakumsindikiza kwa wema. "Unyamaze," alisema. "Usiseme neno na mtu. Ukinyamaza hana kazi, na asiye na kazi hulala. Ukisema, ni yeye anayesema." Akakung'uta kitezo chake na kwenda zake.

Alinyamaza. Jirani walimsalimia akaitikia kwa kichwa. Sokoni alionyesha kwa kidole. Wateja walipiga simu akaiacha iite, na wenye kumjua wakasema Mama Punguza amepatwa na donda la koo, kumbe kuna Mungu. Aliishi akiwa ameuma meno, hata usingizini, hadi mataya yakamvimba. Kila siku alitamani mdogo wake aje. Hakuja.

Asubuhi moja simu iliita akiwa kitandani, na aliutazama mkono wake ukienda kuichukua. Aliuma meno. Meno yakafunguliwa kwa ndani, taratibu, kama mlango unaosukumwa na mwenye nyumba.

"Habari za asubuhi," sauti ikasema. Ilikuwa ya Mama Punguza, lakini tamu kuliko alivyowahi kuwa nayo yeye.

Upande wa pili alikuwa baba mmoja, mpole, mwenye wasiwasi wa mtu ambaye hajawahi kununua nyumba. Alisema ameelekezwa na rafiki. Alisema wana akiba kidogo, na hawajui waanze na dau gani, wasije wakaudhi watu au wakapunjwa.

"Usisumbuke na dau, mwanangu," sauti ikasema. "Nitakuonyesha nyumba nzuri, kubwa. Bei yake nitaishusha mwenyewe."

Mama Punguza alikuwa ameshika mataya yake kwa mikono yote miwili, simu ikiwa kwenye mto, machozi yanaingia masikioni. Mdomo uliendelea kufunguka katikati ya vidole vyake.

"Mungu akubariki, mama," baba yule akasema, akicheka kwa kutua mzigo. "Basi nije na mke wangu aione. Sijui na watoto niwalete?"

"Walete wote," ikajibu. "Hata yule mdogo."